Rekodi ya Tano ni ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Rekodi nne zimeisha. Zote nimezinukuu kwa masikio yangu mwenyewe — sikiliza, simamisha, andika, rudisha nyuma, sikiliza tena. Mgongo umekakamaa mpaka nikiinuka natembea kama bibi kizee. Imebaki moja. Ya baba.

Sijaifungua. Faili liko pale kwenye kompyuta, limeandikwa "Mgonjwa wa tano", na mimi nalipita tu nikijifanya natafuta kingine. Leo badala ya kulifungua nimefua mashuka. Mashuka yenyewe yalikuwa safi.

Kalamu Nyekundu anataka rasimu wiki ijayo. Ndiye msimamizi wangu. Wanafunzi wote tunamwita hivyo, naye hajui, au anajitia hajui. Utafiti wenyewe ni huu: watu waliopotewa na usemi baada ya kiharusi, na jinsi wanavyojibu maswali ya kawaida baada ya mazoezi ya kliniki. Baba alikuwa mgonjwa wa kliniki ile kabla hata sijachagua mada. Kalamu Nyekundu alikubali aingie kwenye utafiti kwa sharti kwamba siku ya kurekodi mimi nisiwepo chumbani. Maswali aulize mtaalamu wa kliniki. Alisema ndugu akiwepo, mgonjwa hutupa jicho tu, na ndugu humjibia.

Ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa mwaka wa kwanza. Usimmalizie mgonjwa sentensi. Ngoja. Hata ukiona neno limefika kwenye ncha ya ulimi wake, wewe ngoja.

Baba alikuwa mnadi. Makabati, vitanda, viti vya watu waliohama, friji zisizogandisha. Angeweza kukuuzia kabati ulilolileta wewe mwenyewe, na ukaondoka umefurahi. Sasa amebaki na neno moja. "Haya." Ukimpa chai, haya. Ukimuuliza kama anaumwa, haya. Akilia pia ni haya. Nyumbani navumilia kwa sababu cherehani ya mama inapiga kelele. Lakini kumsikiliza kwenye hedifoni, yeye tu, ndani kabisa ya masikio yangu — siwezi. Labda kesho.

Jumatano, 5 Machi

Nimelifungua. Mtaalamu anasema, karibu mzee, kaa hapa. Baba anasema haya. Kisha pumzi yake. Ile pumzi ya kujivuta kwenye kiti kwa mkono mmoja. Nikafunga.

Profesa alinikuta kitandani nimekumbatia mto. Si profesa wa kweli, ni mwenzangu wa chumba, tumempa jina hilo kwa sababu hakuna kazi asiyoijua njia yake ya mkato. Akasema najitesa bure, nimpe Karani.

Karani ni ile programu ya akili mnemba. Unaipa sauti, inakurudishia maandishi. Nusu ya darasa wanaitumia. Na chuo hakikatazi! Nimeusoma mwongozo tena leo, mzima mzima, kama mtu anayetafuta kosa asilipate. Tumia, unasema, lakini utamke umetumia nini, na ulinganishe maandishi na sauti mwenyewe, mstari kwa mstari, maana jina lililo juu ya kazi ni lako.

Sawa. Karani aandike, mimi nitahakiki. Kuhakiki si sawa na kunukuu. Ni rahisi zaidi. Nadhani.

Alhamisi, 6 Machi

Karani alimaliza kabla chai yangu haijapoa. Kurasa tatu. Nikapitisha macho — haya, haya, haya — vizuri kabisa, hata nikacheka kidogo. Nikafika mwisho. Mtaalamu anauliza, "Mzee, nyumbani nani anakusaidia?"

Na baba anajibu, "Mke wangu. Nimemchosha sana. Mwambieni namshukuru."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena na tena mpaka herufi zikaanza kuogelea. Darasani tuliambiwa hutokea: mtu kakaa miezi hana neno, siku moja inamtoka sentensi nzima, safi, na pengine hairudi tena. Ikatoka kwa baba. Na mimi sikuwepo.

Nilimpigia mama hapo hapo. Nikamsomea. Kwanza nikasikia cherehani imesimama. Halafu akasema, rudia. Nikarudia. Akasema, tena.

Sijawahi kumpa mama kitu kizuri kama hiki. Nimelia, lakini kilio kingine kabisa. Kuhakiki kesho, leo niacheni nifurahi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka nyumbani. Sijui niandike nini kwanza.

Mama amekata kitambaa cha shati la baba. Cha bluu, kile alichokificha chini ya kabati tangu mwaka juzi akisema ni cha shughuli. Anashona shati la kufunga mbele kwa utepe wa kunata, lisilohitaji vifungo, maana mkono wa kulia wa baba umelala. Muda wote huu baba amekuwa akivaa fulana zangu za zamani. Hakuna aliyefikiria.

Na mama anamnyoa mwenyewe! Alikuwa amekoma. Mwezi wa kwanza nilimkuta jikoni akiongea na sufuria, akasema amezikwa na mtu aliye hai. Nilijifanya nimefuata chumvi. Leo anamshika kidevu, anamgeuza huku na huku, anamwambia, mzee kumbe bado una sura. Anampa habari za wateja: fulani kanenepa anataka gauni lile lile litanuliwe, fulani kachukua nguo kaingia mitini.

Baba alikuwa anamwangalia. Alisema haya, lakini ile ya juu mwishoni, ya kuuliza. Nikafikiri anashangaa kwa furaha.

Jumanne, 11 Machi

Nimewasilisha rasimu. Mwishoni kuna tamko, na kisanduku cha kutia alama: nimetumia akili mnemba kwa unukuzi wa rekodi moja, na nimelinganisha maandishi yote na sauti. Sikuwa nimelinganisha. Nilisema moyoni nitasikiliza jioni, kilichobaki ni kuthibitisha tu, si ninajua tayari kilichomo? Nikatia alama. Jioni nikalala mapema.

Ijumaa, 14 Machi

Kalamu Nyekundu kaniita ofisini. Nilikwenda roho juu. Meza yake kama kawaida, marundo ya tasnifu, kikombe cha kahawa kimeacha duara juu ya jina la mtu. Akaifungua kazi yangu kwenye ukurasa wa mgonjwa wa tano. Hapakuwa na wekundu hata kidogo.

Alisema amekuwa katika kazi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sehemu hii imemfanya aache kusahihisha na kusoma tu. Anataka niiwasilishe mbele ya idara Alhamisi ya tarehe ishirini na saba. Na nikate kile kipande cha sauti, baba akisema maneno yale, watu wasikie wenyewe. Alisema maandishi hayatoshi kwa jambo kama hilo.

Nikamwambia sawa. Nikashuka ngazi nikiimba. Kesho nakata kipande.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna.

Hakuna kitu. Nimesikiliza tangu asubuhi, sasa jua limeshahamia upande wa pili wa chumba, na hakuna.

Mtaalamu anauliza, "Mzee, nyumbani nani anakusaidia?" Kisha feni. Kiti kinalia. Pumzi ya baba inaingia, inatoka. Mlango unafungwa mbali huko kwenye korido. Mtaalamu hasemi kitu, anangoja, kama tulivyofundishwa, anangoja vizuri kabisa. Pumzi tena. Karibu dakika nzima ya kimya. Halafu mtaalamu anasema, sawa mzee, tupumzike kidogo. Hata haya haipo. Neno lake moja hilo, hata hilo hakulisema.

Niliongeza sauti mpaka feni ikawa kama lori. Nikaazima hedifoni kubwa za Profesa. Nikaenda kusikilizia kwenye kabati la nguo, mlango nimeufunga, nikijiambia labda ni kelele za nje. Nikampigia mtaalamu wa kliniki. Nilimuuliza kwa kuzunguka zunguka, nikiogopa jibu. Alishangaa. Alisema mzee angetamka sentensi nzima siku ile, yeye angekimbia na habari mpaka barabarani. Hakusema kitu. Alikaa tu akiangalia mkono wake.

Nilikaa sakafuni na mashati yananining'inia kichwani.

Profesa ndiye aliyenieleza, huku anapaka rangi kucha, kama anaeleza bei ya nyanya. Kumbe anajua! Alisema Karani akikutana na kimya kirefu wakati mwingine hukijaza. Hasikii kitu, basi anaweka kile ambacho watu kwa kawaida husema mahali kama pale. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Si ulisema utahakiki?"

Kile ambacho watu kwa kawaida husema. Kwa hiyo ni maneno ya waume wa watu, yamekusanywa huko yalikokusanywa, yakawekwa kwenye mdomo wa baba kwa sababu alikuwa amenyamaza. Na mimi nikayachukua nikampelekea mama.

Jumapili, 16 Machi

Nilikwenda nyumbani kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Nikamkuta shangazi. Dada yake baba, yule mwenye sauti ya kujaza nyumba. Mama amemweleza. Mama amewaeleza wote, hata mteja wa gauni. Shangazi alikuwa amevuta kigoda mpaka magoti yake yanagusana na ya baba, anambembeleza kama mtoto anayekataa dawa. "Haya kaka, sema basi na sisi tusikie. Mke wangu... Nimemchosha..."

Baba akasema haya.

Shangazi akacheka, akamwambia mama, "Wifi, anaona haya huyu, tangu zamani ndivyo alivyo."

Mama hakucheka. Aliinama mbele yake akasema polepole, bila ukali, na afadhali angekuwa mkali, "Kwa mtu wa kliniki unasema. Kwangu mimi unashindwa nini, mzee?"

Baba anaelewa kila kitu. Watu wanasahau hilo. Maneno yanaingia yote, yasiyotoka ndiyo tatizo. Alitikisa kichwa. Hapana, hapana. Mama akadhani anakataa kusema. Akatikisa tena, kwa nguvu, akanitafuta mimi kwa macho, mimi msomi wa mambo haya, akasema haya, haya, haya, na machozi yakaanza kumtoka upande mmoja. Kisha akapiga meza kwa mkono wa kushoto. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagikia kitambaa cha bluu.

Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua anachosema isipokuwa mimi. Alikuwa anasema sikusema. Na mimi niliokota vipande vya kikombe, nikaenda navyo jikoni, nikakaa huko mpaka shangazi akaaga.

Mwoga. Niandike wazi hapa, huenda mahali pengine sitaweza. Mwoga!

Jumanne, 18 Machi

Profesa ana mpango. Bila shaka. Nimwambie Kalamu Nyekundu kwamba familia imekataa sauti ya mzee ichezwe mbele za watu. Siri ya mgonjwa. Nani atabisha? Maandishi yabaki, nipate alama zangu, nimalize. Na mama abaki na maneno yake. Alisema, maneno yenyewe mazuri, yamemdhuru nani?

Nikamwambia, baba.

Akasema, "Lakini yeye si hawezi kusema?"

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anapiga pasi blauzi. Lakini nilitoka nje nikazunguka jengo zima. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kabla sijakasirika, niliufikiria ule mpango. Niliuona unavyokaa vizuri. Nilishafika hata kwenye sentensi ya kwanza ya barua pepe.

Jumatano, 19 Machi

Sikwenda darasani. Mama amepiga simu mara mbili. Sikupokea.

Alhamisi, 20 Machi

Mama amenitumia ujumbe. Doa la chai limetoka. Amebakiza ukosi na pindo. Anauliza kama baba, siku ile ya kurekodi, alisema kwa sauti ya zamani au kwa sauti ya sasa.

Nimeshika simu hata sijui tangu lini. Kila nikitaka kuandika, naandika uongo mwingine mdogo wa kuulinda ule mkubwa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Kalamu Nyekundu. Sikungoja kuitwa. Alikuwa anakula karanga kwenye karatasi, akanionyesha kiti kwa kidevu.

Nilimwambia hakuna kipande cha kukata. Mgonjwa wa tano hakusema. Programu ndiyo imeandika. Nilifikiri atapaza sauti. Hakupaza. Aliomba faili, akavaa hedifoni, akaisikiliza rekodi yote tangu "karibu mzee". Yote! Mimi nimekaa namwangalia mtu akimsikiliza baba yangu. Alipofika pale kwenye swali la mwisho aliacha kutafuna. Akangoja mpaka mwisho kabisa. Kisha akavua miwani.

"Ulitia alama kwamba umelinganisha."

"Ndiyo."

"Kabla ya kusikiliza."

"Ndiyo."

"Nyingine nne ulifanya kwa mkono. Nimeona alama zako za vituo, hata kikohozi umekiandika. Kwa nini hii tu?"

Nikamwambia, ni baba yangu, sikuweza kumsikia hivyo. Sauti ikanikatika katikati, naye akangoja mpaka ikarudi. Hakunimalizia.

Alisema hakupaswa kuniruhusu nimweke baba kwenye utafiti, hilo ni kosa lake na ataliandika kwa jina lake. Lakini alama kwenye tamko ni yangu. Kutumia programu si kosa, alisema, kosa ni kutoa ushahidi wa kitu ambacho hukukisikia. Na kwetu sisi ni kosa baya kuliko kwa watu wa masomo mengine, maana wagonjwa wetu hawawezi kuinuka wakasema huyu kanisingizia. Faili linakwenda kwa kamati ya nidhamu. Kikao ni Alhamisi hiyo hiyo ya tarehe ishirini na saba. Inaweza kuwa kurudia mwaka. Inaweza kuwa kuondoka. Alisema hawezi kuniahidi lolote, nisije nikatoka pale na tumaini ambalo hakunipa.

Nilipofika mlangoni akauliza, "Nani mwingine amesoma maneno yale?"

"Mama."

Akaifunika kalamu yake. Kisha akasema kamati haina la kufanya na hilo.

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Watu husema hivyo, kwamba ukisema ukweli unatua mzigo. Mimi sijatua kitu.

Jumapili, 23 Machi

Naandika hapa hapa nyumbani, kwenye meza ya kukatia nguo. Sina pengine pa kuweka mikono.

Nilimkuta mama anakunja pindo la shati. Baba yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, kanyolewa, ananukia sabuni. Nilisema kabla sijavua viatu, maana ningevua ningepata kisingizio kingine. Nikasema, "Mama, baba hakusema yale maneno."

Sindano haikusimama. Akauliza nani kasema hakusema. Nikamwambia nimesikiliza rekodi.

"Na siku ile uliponipigia. Hukuwa umesikiliza?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa programu, kwa kueleza mashine inavyojaza. Nikasema hapana. Nilisoma tu.

Akaweka shati chini. Alikunja mikono yake, ile mikono isiyojua kukaa bure, akaiweka mapajani. Aliangalia sakafu.

"Wiki mbili, mwanangu. Namuuliza asubuhi. Namuuliza jioni nikimlaza. Namwambia, mara moja tu, mzee, na mimi nisikie. Kumbe namsumbua mtu kwa neno ambalo hakulisema."

Nikamsogelea. Akasema, "Usiniguse."

Hajawahi kuniambia hivyo. Hata nilipovunja cherehani ya kwanza.

Tukakaa. Baba anatuangalia, mimi, mama, mimi. Alijua tunaongea nini. Nikamgeukia, nikapiga magoti, nikamwambia, baba, ni mimi. Nimekuwekea maneno mdomoni. Nisamehe. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyekuwa amebeba meza akaambiwa aiweke. Akasema haya. Sijui ni ipi. Sitaki kusema ni ipi. Nimeshasema vya kutosha kwa niaba yake.

Nikawaambia pia kuhusu Alhamisi. Kwamba huenda nisimalize mwaka huu, huenda nisimalize kabisa. Mama hakuonekana kusikia. Alisema, nipe nisikie mwenyewe.

Nikamwambia hakuna kitu, mama, ni kimya tu, utaumia bure.

"Mara ya kwanza uliniambia kipo, hukusikiliza. Sasa unaniambia hakipo. Nipe."

Nikampa hedifoni. Hajui kuzivaa, alizivaa nyuma mbele, sikuthubutu kumrekebisha. Nikafungulia pale kwenye swali la mwisho. Nikaona uso wake unasikia swali. Kisha nikaona anasikia feni. Kisha nikaona anamsikia, ile pumzi, maana mkono wake mmoja uliinuka juu kidogo na ukabaki hapo hapo, kama mtu anayesema tulieni kwanza. Kilichonitisha ni jinsi alivyongoja. Mimi nilipokuwa nasikiliza nilikuwa natafuta maneno. Mama hakuwa anatafuta kitu. Alingoja mpaka mtaalamu aliposema tupumzike.

Akaniashiria nirudishe. Nikarudisha. Mara ya tatu akarudisha mwenyewe, keshajua kitufe.

Nilimuuliza, unasikia nini?

Sasa amezivua. Amezilaza juu ya shati la bluu. Amekivuta kigoda kile cha shangazi, lakini hajakisogeza mpaka magoti yagusane, amekiacha mbali kidogo, pembeni, ili baba asilazimike kumtazama akitaka kuangalia dirishani. Sijamfundisha hilo. Ameketi. Hamwambii sema. Hamwambii mke wangu nimemchosha. Amemuuliza kama alivyouliza mtaalamu, kwa maneno yale yale, "Mzee, nyumbani nani anakusaidia?"

Na amenyamaza.

Nje kuna mtu anaburuta pipa. Baba amevuta pumzi, naijua sasa, nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu. Ameangalia mkono wake. Midomo imekutana, imeachana. Kila kitu ndani yangu kinataka kumsaidia, neno liko hapa, fupi, ningemtajia herufi ya kwanza tu na angelishika. Naandika ili mdomo wangu ubaki umefungwa.

"Haya," amesema.

Mama hajainuka. Hajaitikia, hajatabasamu, hajamwambia vizuri. Bado amekaa pale anamngoja, na baba amevuta pumzi tena.